Mume wa Matrida

Gari la chuo lilipoonekana likikata kona kutoka barabara ya Kiabakari, Tereza Nyamhanga alimwagiza mkewe alete kigoda cha marehemu. Matrida alikileta, akakipangusa kwa ncha ya khanga, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta, pale pale ambapo wageni walizoea kumkuta mwenye mji amekaa. Wageni wale sasa walikuwa nusu wenyeji. Walishakuja kiangazi na masika, wakiwa na kamera na bila kamera, wakiwa na wazungu na bila wazungu, na kila walipokuja walitaka kumwona Tereza juu ya kigoda kile.

Tereza alikuwa mume. Kwa watu wa huko halikuwa jambo la kukusanyia umati. Alizaa mabinti wawili, wakaolewa, wakaenda zao. Wa kiume hakumpata. Mumewe Masatu alipofariki akamwachia ng'ombe, mashamba na shemeji mwenye macho ya kupima mipaka, Tereza alifanya walichofanya wanawake wengi kabla yake: alitoa ng'ombe akaoa mke. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Matrida aliletwa akiwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, na watoto aliowazaa humo, Sara na kisha Masatu mdogo, walikuwa watoto wa marehemu na waliitwa kwa jina lake. Aliyesaidia kuwapata alijulikana, alisalimiwa njiani, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Chuoni Nyasura, nje kidogo ya Bunda, jambo hilo hilo liliwashangaza sana wasomi, na mshangao wao ndio ulioikuza Programu ya Taaluma za Wanawake. Programu ilianza kama somo la jioni katika chumba cha kuhifadhia madawati mabovu. Mwalimu alikuwa Dk. Brenda Wambura, mzaliwa wa Mukendo, mjini Musoma, aliyerudi kutoka masomoni ughaibuni na mabegi ya vitabu na hamu kubwa ya kuwakomboa watu. Wanafunzi walikuwa wachache, na nusu yao walifuata soketi ya kuchajia simu. Halafu Dk. Brenda akaandika utafiti juu ya Tereza, akauita "Mwanamke Kama Mume Kamili". Utafiti ukasomwa mbali, wafadhili wakashuka, somo likawa programu, programu ikawa kitengo, na sasa kitengo kilikuwa kimepandishwa kuwa idara yenye jengo lake, vigae na choo cha ndani. Mapokezini palitundikwa picha kubwa ya Tereza kwenye kigoda. Matrida naye alikuwamo pichani: mkono tu, umeshika jagi la maji.

Mkono huo huo siku ile ulikuwa ukiwanawisha wageni.

"Mama Tereza, nimekuja na habari njema," alisema Dk. Brenda baada ya salamu kwisha. "Idara yetu imepata nafasi za wanawake wa vijijini. Kozi ya cheti, mwaka mzima. Kulala, kula, vitabu, vyote bure. Na mtu wa kwanza tunayemtaka anatoka kwenye mji huu."

Tereza aliinamisha kichwa kidogo kama anayevishwa shada.

"Nilijuaga tu kwamba iko siku mtaniita," alisema. "Miguu yangu siyo mizuri, lakini nitakuja. Kusoma sijui, lakini si mtakuwa mnaniandikia nyie? Sema mwaka nao ni mrefu. Na hiki kigoda atakibeba nani?"

Dk. Brenda alitazama viatu vyake. Alikuwa ameandika kurasa nyingi juu ya mwanamke huyu, lakini hakuwa amejiandaa kwa hili.

"Siyo wewe, mama. Ni Matrida."

"Matrida gani?"

"Huyu. Alifaulu vizuri kidato cha nne, mama. Ana kichwa."

Matrida aliacha kumwaga maji, jagi likabaki limeinama hewani. Habari hiyo alikuwa nayo tangu mvua za vuli. Dk. Brenda alimnong'oneza jikoni, na tangu siku hiyo alikuwa akimsaidia Sara masomo ya shule kwa bidii ambayo Sara mwenyewe hakuiomba. Kila alichowahi kukitaka maishani kilikuwa kimejibana katika mwaka huo mmoja. Aliutaka mpaka ulimuuma.

"Matrida ni mke wangu," Tereza alisema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Sasa mke wangu akalale Nyasura mwaka mzima, mimi napikiwa na nani? Watoto wanafuliwa na nani? Wewe Dokta, wewe mwenyewe ulisimama hapa, mbele ya yule mzungu wa ndevu, ukasema: mama Tereza, wewe ni mume kamili, hupungukiwi na kitu. Ulisema hukusema?"

"Nilisema."

"Haya. Nionyeshe mume kamili anayetoa mke mwaka mzima."

Tatizo la Dk. Brenda lilikuwa baya kuliko Tereza alivyojua. Mwaka uliopita mwanamume mmoja wa kandokando ya ziwa alikuja chuoni na pikipiki, akaiegesha mlangoni mwa darasa, akapiga honi mpaka mkewe akatoka na madaftari yake na hakurudi tena. Wakubwa wa chuo waliogopa magazeti. Ili programu isifungwe, Dk. Brenda mwenyewe alipendekeza kanuni: mwanafunzi aliyeolewa atapokelewa mume wake akifika mwenyewe na kutamka mbele ya kamati kwamba ameridhia. Aliiita mbinu ya mpito. Mpito ulikuwa bado unaendelea.

Sasa angeweza kusema kwamba Tereza si mume, Matrida akapita kama mwanamke asiyeolewa. Lakini basi utafiti ungekuwa uongo, na juu ya utafiti ule yalikuwa yamesimama jengo, vigae na choo cha ndani.

"Kwa hiyo, mama, tunaomba ufike Nyasura siku ya kuzindua idara," alisema. "Useme neno lako mbele ya kamati."

"Nitakuja," Tereza alijibu. "Nitakuja kusema hapana."

Simu ya Dk. Brenda ikaita. Aliinuka, akasogea hadi kwenye zizi, lakini sauti ilisikika. "Ndiyo, baba Edwin. Nimeshamaliza, natoka sasa hivi. Sato yupo kwenye friji, mwambie dada ampashe tu moto… Hapana, sijasahau. Nisamehe, baba Edwin." Alirudi akitabasamu, akasema yuko nyuma ya muda, akaaga.

Tereza alimtazama akipanda gari. "Huyo naye ana mwenyewe," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwonea huruma.

Jioni Matrida alisonga ugali wa muhogo na mtama, akaweka dagaa mezani, akangoja mwenye mji ale kwanza. Aliketi kwenye mkeka. Sara na mdogo wake walikuwa nje na masufuria.

"Mama, naomba nikuulize."

"Usiniulize. Nalijua swali lako."

"Ni mwaka mmoja tu. Sara anajua kupika uji, anachota maji. Binti ya jirani anaweza akawa anapita kusaidia."

"Sara ni mtoto."

"Mimi nilikujaga hapa nikiwa mtoto."

Tereza alikata tonge, akalishika bila kulichovya. "Nilitoa ng'ombe."

"Najua, mama. Ndiyo kaka yangu alioleaga."

Ng'ombe wale walikuwa wamepita kwa baba yake Matrida kama wasafiri, wakaingia zizi moja usiku wakatoka asubuhi, na kaka yake akapata mke. Matrida hakuwahi kuliona hata boma walimofikia.

"Nilishakupigaga?" Tereza aliuliza.

"Hapana."

"Ulishalalaga njaa humu? Nilishakutukana mbele za watu? Ulipomzaa Sara nilisema, mbona wa kike?"

"Hukusema, mama."

"Nitajie mwanamke mwingine kijiji hiki ana mume wa hivyo."

Matrida aliwapitia wote kichwani, nyumba hadi nyumba, na hakumpata. Hilo ndilo lililomshinda. Angekuwa na mume mlevi au wa ngumi angejua namna ya kumchukia na kutoroka, na wanawake wa idara wangemfuata na gari. Lakini alikuwa na mume mwema aliyesema hapana.

Tereza naye alikuwa na neno aliloshindwa kulitamka. Hakuogopa kupika, alipika maisha yake yote. Aliogopa kwamba Matrida akishaonja kuitwa kwa jina lake huko Nyasura, hatarudi kuitwa mke wa mtu. Mabinti zake waliondoka kwa furaha na hurudi kwenye misiba. Huyu mmoja alikuwa amemlipia ili abaki. Alimpenda, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha mume namna ya kusema hivyo, alisema, "Dagaa hawa wana mchanga."

Jumapili iliyofuata Silasi, shemeji yake, alichinja fahali kwa ajili ya posa ya kijana wake, na Tereza akaenda kutafuta ushauri. Alipofika, Silasi alimtolea kiti upande wa wanaume. Alifanya hivyo siku zote palipokuwa na watu, kwa sauti: "Shemeji karibu huku, wewe ni mwenzetu." Tereza alikaa, akaeleza shida yake, akisubiri wanaume wamuunge mkono, kwa kuwa alijua jinsi walivyokuwa wakiwasema wake zao.

Wanaume walinguruma. Mmoja alisema mwanamke akienda chuo anarudi na sauti. Mwingine alisema harudi kabisa. Tereza aliitikia kwa kichwa. Hapo Silasi akainua mkono.

"Jamani, tusiwe watu wa zamani," alisema. "Dunia imebadilika. Mwanamke naye ana haki yake. Shemeji, mwache binti akasome! Mwaka ni nini? Hata miwili, hata mitatu, asome tu mpaka atosheke."

Watu walimtazama Silasi kwa mshangao. Huyu ndiye aliyemtoa shule binti yake darasa la tano akachunge mbuzi.

"Na mji wangu?" Tereza aliuliza.

"Mji mimi nipo. Kijana wangu huyu anaoa, anahitaji pa kuanzia. Atahamia kwenye lile shamba lako la bondeni, awe anawaangalizia wewe na hao watoto. Ukoo si ndiyo kazi yake hiyo?"

Tereza alielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi. Shamba la bondeni ndilo lililokuwa na maji kiangazi. Silasi alishaliomba, alishalidai, alishalipeleka barazani akashindwa kwa sababu mji ulikuwa na mke na mtoto wa kiume. Mke akiondoka, pangebaki kikongwe na watoto. Silasi alikuwa ameutafuta ufa miaka yote, na sasa haki za wanawake zilikuwa zimemfungulia.

"Nitafikiri," alisema.

Nyama ikaanza kugawiwa. Mbavu na nyama ya kuchoma ilikatwa juu ya majani, ikapita kwa wanaume, mkono kwa mkono. Iliruka kiti cha Tereza. Kijana aliyegawa alimnong'oneza kwa adabu, "Bibi, ya kwenu wanawake iko jikoni. Watakutolea shingo na matumbo." Hakuna aliyecheka. Hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kucheka, kwa maana lilionyesha kwamba kila mtu aliona ni sawa. Tereza aliinuka, akasema hana njaa, akatembea nyumbani. Njiani hasira zake zote alizielekeza kwa Matrida, kwa sababu Matrida ndiye aliyekuwa karibu. Hapana yake ilikuwa sasa ngumu kama jiwe la kusagia.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na turubai, keki na ngoma ya lizombe iliyoletwa kutoka mbali ingawa za hapo zilikuwepo. Wageni walitengewa fulana za zambarau zilizoandikwa kifuani: MAISHA YANGU, UAMUZI WANGU. Kutokana na uchache, fulana ziligawiwa kwanza kwa waheshimiwa, ambao wengi walikuwa wanaume wenye matumbo, na maneno yalikaa vibaya kidogo. Matrida alivaa gauni lake la kanisani. Tereza alikataa fulana. Silasi, ambaye hakualikwa na mtu, alikuja amevaa koti, akaipokea fulana yake kwa mikono miwili.

Kamati ilikaa chini ya picha kubwa ya mapokezi. Mkuu wa kitivo, Dk. Felisiani, mtu mpole aliyebobea kwenye magonjwa ya mihogo, ndiye aliyeongoza, kwa kuwa idara ilikuwa bado haijapewa mamlaka ya kujiongoza. Waume wengine walishapita, wameguna wameridhia, wamekwenda kwenye soda.

"Matrida Masatu," aliita. "Mume wake asogee."

Watu wawili walisimama. Tereza alisimama kutoka kiti cha mbele na Silasi kutoka nyuma.

"Karibu, mzee," Dk. Felisiani alimwambia Silasi.

"Mume ni mimi," alisema Tereza.

Kamati ilicheka, kicheko cha wema cha watu walioshiba keki. Dk. Felisiani aliinua macho, akaiona picha ukutani, akamwona mwenye picha mbele yake, akapangusa miwani.

"Mama, mila zetu tunaziheshimu sana," alisema. "Ndiyo maana tumekutundika hapo. Lakini hapa tuko kwenye utaratibu wa chuo. Kanuni inasema mume. Mkaguzi akija akaona mume ni mama, mimi nitajibu nini? Mzee, wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye mkubwa wa mji ule," Silasi alisema, akivuta koti lifunike kitambi. "Marehemu alikuwa kaka yangu. Huyu mama na huyo binti aliyemleta, wote wako chini yangu. Na mimi ni mtu wa maendeleo, mheshimiwa. Nimeridhia. Hata leo abaki."

"Safi sana. Tungekuwa na wazee kama wewe wengi…"

"Dokta," Tereza alimgeukia Dk. Brenda. "Waambie. Waambie ulichoniambia."

Dk. Brenda alikuwa mwisho wa meza. Aliyajua maneno ya utafiti wake kwa moyo, hata kurasa zake. Alijua pia kwamba akiyasema, neno la Tereza ndilo litakalohesabika, na neno la Tereza lilikuwa hapana. Akinyamaza, Matrida anaingia. Alijiambia ananyamaza kwa ajili ya Matrida, na ilikuwa kweli kiasi cha kumtosha.

"Mama, tulia kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Mbona mambo yanaenda vizuri."

Tereza alibaki amesimama. Alikuwa amepanda gari tangu alfajiri akilitafuna neno lake moja, na sasa palikuwa hakuna wa kulipokea. Aliwahi kurukwa na nyama kwa Silasi; hapa alirukwa chini ya picha yake mwenyewe. Machozi yalimjia, akayazuia kwa hasira, maana mume hawezi kulia mbele ya kamati.

"Samahani waheshimiwa."

Alikuwa Matrida. Alikuwa amesimama bila kuitwa, mikono ameishika nyuma.

"Mkiandika kwamba huyu ndiye aliyeridhia, mimi sisomi."

"Binti, nafasi ni yako," Dk. Felisiani alisema. "Unaikataa?"

"Naitaka kuliko nyote mnavyojua," Matrida alisema. "Lakini baba mdogo Silasi leo ataridhia mimi nisome, kesho ataridhia shamba letu lilimwe na mtoto wake, kwa sababu nyie mtakuwa mmeshaandika kwamba mji ni wake. Mtoto wangu nitamrudia wapi? Aliyetoa ng'ombe ni huyu. Mume wangu ni huyu. Akisema hapana, ni hapana. Narudi nyumbani kupika."

Hakuna aliyecheka. Ngoma ilikuwa ikiendelea nje. Dk. Brenda alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Silasi alianza kusema kwamba yeye alikuwa anasaidia tu, na Tereza akamkata: "Najua ulichokuwa unasaidia, shemeji. Kaa."

Silasi akakaa.

Dk. Felisiani alitaka sana jambo hili liishe, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa anasubiri kukata utepe. "Sasa mama," alisema, "binti anapoteza nafasi mbele ya macho yetu. Haya, tuseme wewe ndiye mume. Umeridhia?"

Tereza alimtazama Matrida, uso ule aliouzoea ukiwa umeinama juu ya sufuria. Haukuwa umeinama sasa. Aliona pia jinsi mambo yalivyokaa: akisema hapana, wale wa mezani watamrudia Silasi, maana hapana ya mwanamke haina pa kuandikwa. Neno ndiyo peke yake ndilo lililokuwa na nafasi. Ili awe mume ilimbidi amtoe mke.

"Nikisema, mtaandika jina langu?"

"Tutaandika."

"Siyo la huyu."

"Lako, mama."

"Basi andikeni. Tereza Nyamhanga, mume." Alisubiri mpaka akaona kalamu inatembea. "Nimeridhia. Lakini awe anakuja nyumbani kila Jumamosi."

"Kanuni za hosteli haziruhusu, mama. Ni mwisho wa muhula."

"Kanuni zenu nyingi," Tereza alisema. "Nitakuja mimi."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na Dk. Brenda alipiga kuliko wote, akilia. Kilio chake kilikuwa cha kweli. Kweli pia ni kwamba kabla ya utepe kukatwa alikuwa ameshapata kichwa cha utafiti mwingine.

Utafiti huo ulipendwa, na kabla ya Krismasi idara iliomba kupandishwa kuwa taasisi. Darasani Matrida alikaa mstari wa mbele. Wiki ya tatu walifundishwa juu ya nyumba ntobhu, na mhadhiri kijana asiyemjua akasoma kutoka utafiti wa kwanza kwamba katika ndoa hizi mke hana sauti. Matrida aliandika hivyo hivyo kwenye daftari, kwa kuwa lingekuja kwenye mtihani.

Nyumbani Tereza alijifunza upya kuwasha moto asubuhi. Sara alipika uji ukashika chini, wakaula. Shamba la bondeni lililimwa na vibarua wa Tereza, na Silasi alipopita njiani alisalimia bila kusimama.

Jumamosi moja Tereza alifunga sato wa kukaanga kwenye majani, akamweka kwenye kapu, akapanda gari la Bunda. Getini mwa hosteli ya wanawake alisimamishwa na mlinzi, kijana wa heshima.

"Shikamoo bibi. Unamtaka nani?"

"Marahaba. Matrida Masatu."

"Wewe ni nani wake?"

"Mume."

Mlinzi hakucheka; alishaelezwa. "Ndiyo, nilisikia. Basi utakaa kwenye lile benchi la nje, bibi. Waume wanaishia getini." Akatazama miguu ya Tereza iliyovimba kwa safari, na jua, akapunguza sauti. "Lakini bibi, ukiniambia wewe ni mama yake, mimi nakupitisha hadi chumbani. Kina mama wanapitaga. Kuna kivuli, kuna viti."

Tereza alitazama ndani. Kweli kulikuwa na kivuli, na viti, na wanawake wa umri wake wakinywa chai, wakiwasubiri mabinti zao. Magoti yalimuuma. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na Matrida humwita hivyo kila siku.

"Nimekuambia mimi ni mume," alisema, akageuka.

Benchini walikaa wanaume wanne, kila mmoja na mfuko wake: mwalimu kutoka Musoma, mvuvi aliyeitwa Stanislausi, na wawili ambao hawakujitambulisha. Walimtazama yeye na kapu lake. Stanislausi akajisogeza, wengine wakajisogeza, pakapatikana nafasi ya mtu.

"Wako anasoma nini?" mvuvi aliuliza.

"Mambo ya wanawake."

"Na wangu. Wanasomaga nini hasa humo ndani?"

"Sijui," Tereza alisema. "Sisi hatuambiwi."

Mwalimu alicheka, mvuvi naye, na Tereza mwenyewe akajikuta anacheka. Stanislausi alitoa mfukoni muhogo wa kuchoma, akaupuliza majivu, akaukata kwa kisu vipande vitano akavipitisha, mkono kwa mkono. Kipande cha tatu kilimfikia Tereza, na kilikuwa sawa na cha wengine. Alikishika kwanza bila kula, akikitazama.

"Kula, mzee mwenzangu, kitapoa," alisema Stanislausi.

Akala. Kengele ya kumaliza darasa ilikuwa bado haijalia, na jua lilikuwa limeshafika usawa wa benchi. Wanaume waliendelea kusubiri wake zao, na Tereza alikuwa katikati yao, kapu la sato mapajani.